Dakika Kumi Baada ya Sindano ya Mgongo

Leo tuzungumze juu ya sindano ya mgongo, ile anayochomwa mama kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kujifungua. Ukiitaja tu kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, kila mtu ana lake. Mmoja atakwambia dada yake mgongo haujapona hadi leo. Mwingine, shangazi yake hajainua ndoo tangu siku hiyo. Na hakosi wa kuapa kwamba yeye heri alazwe usingizi kabisa, nusu kaputi, aamke mambo yameshakwisha.

Habari ya mgongo nitaipitia haraka, maana siko huko. Mimba yenyewe inauma mgongo. Kubeba mtoto na kunyonyesha huku umeinama kunauma mgongo. Wachunguzi waliowafuatilia wazazi kwa muda mrefu, waliochomwa ganzi ya mgongoni wakati wa uchungu na wasiochomwa, hawakukuta kwamba waliochomwa wanaumwa mgongo zaidi. Kichwa kinachouma siku chache baadaye, hicho kipo kweli, hasa sindano ikiwa nene, na ndiyo sababu siku hizi hupendelewa sindano nyembamba sana ambayo ncha yake hutawanya nyuzi badala ya kuzikata. Basi, mgongo tuuache hapo. Ambacho sijawahi kusikia mtu akikiuliza kwenye benchi lile ni moyo. Nami ningepewa nafasi ya kumwambia mama jambo moja tu kabla hajaingia thieta, ningemwambia habari ya moyo wake na zile dakika kumi za mwanzo.

Tuanze na moyo peke yake. Moyo una kichocheo chake ndani yake. Hausubiri amri ya ubongo ili upige. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, daktari Christiaan Barnard alimpandikizia Louis Washkansky moyo wa mwanamke kijana aliyefariki kwa ajali ya gari. Mishipa ya damu iliungwa mmoja mmoja. Neva hazikuungwa, hakuna anayeweza kuziunga. Na moyo ule ulipiga. Waliopandikizwa moyo baada yake, hadi leo, mioyo yao hupiga kwa kasi kidogo kuliko ya kwako na ya kwangu, kama mara 90 hadi 110 kwa dakika, mtu amekaa tu anatazama televisheni. Akipanda ngazi ndipo utaona upungufu: moyo unachelewa kushtuka, unangoja hadi homoni ya adrenalini ifike kwa njia ya damu, na ukishakimbia unachelewa kutulia.

Hapo ndipo utaelewa neva za moyo zinafanya nini. Ziko za aina mbili. Neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kichwani kupitia shingoni, inautuliza moyo. Ndiyo inayoushikilia kwenye mapigo 70 ukiwa umepumzika. Za pili zinaitwa simpathetiki. Hizi zinauharakisha moyo na kuuongezea nguvu ya kukamua, na nyingine za kundi hilohilo zinaikaza mishipa ya damu ya tumbo na miguu ili damu isituame chini. Zote hutoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia pingili ya kwanza ya kifua hadi ya pili ya kiuno. Zinazokwenda kwenye moyo hutoka juu kabisa, hasa katika pingili nne za mwanzo za kifua. Hizo nne tafadhali uzikumbuke, tutazirudia sasa hivi.

Twende thieta. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, amekumbatia mto, amepinda mgongo. Mtaalamu wa usingizi anapapasa pingili za kiuno, anachoma chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia. Maji safi yanadondoka kwenye sindano, tone baada ya tone. Anaingiza dawa, mara nyingi bupivakaini, kiasi cha mililita mbili tu au zaidi kidogo. Hiyo bupivakaini imechanganywa na sukari iwe nzito kuliko maji ya uti wa mgongo, ili ielekee kule mtaalamu anakotaka kulingana na mama anavyolazwa. Mama analazwa. Baada ya dakika moja au mbili anasema, "Miguu inapata joto." Wengi wanalisema hilo wakitabasamu, maana thieta ni baridi.

Joto hilo ndilo tangazo la kwanza. Nyuzi za simpathetiki ni nyembamba, kwa hiyo hulala mapema, kabla ya zile za maumivu na kabla ya zile za kukunja goti. Zikishalala, mishipa ya miguu inalegea, damu yenye joto inajaa kwenye ngozi, na mama anaona raha. Wakati huohuo dawa inapanda.

Kwa nini ipande, ikiwa kidonda kitakuwa chini ya kitovu? Swali zuri, na wengi waliojifungua kwa upasuaji hawajui jibu lake. Ngozi inakatwa chini, ni kweli, lakini mji wa mimba utavutwa na kutolewa nje, na utando unaozunguka matumbo utaguswa, na hisia za huko hupanda hadi kifuani. Ganzi ikiishia kitovuni, mama atasikia kuvutwa kunakomtia kiwewe. Kwa hiyo ganzi inalengwa ifike usawa wa chuchu, ambapo ni pingili ya nne ya kifua. Ndiyo maana utamwona mtaalamu anapita na pamba yenye spiriti, au kipande cha barafu, kutoka pajani hadi kifuani, anauliza, "Hapa ni baridi? Na hapa?"

Lakini ile ganzi ya simpathetiki, ile isiyopimwa kwa pamba, kwa kawaida iko juu zaidi ya ile ya ngozi, pingili mbili au hata zaidi. Piga hesabu. Nne toa mbili. Tayari tuko kwenye neva za moyo. Wala hakuna aliyekosea. Ganzi iliyochomwa sawasawa, kwa kipimo sahihi, na mtu anayejua kazi yake, inamwacha mama na moyo ambao sehemu ya neva zake za kuuharakisha zimenyamaza.

Sasa tazama mambo mawili yanavyokutana. Sehemu kubwa ya damu ya binadamu, kama asilimia 70, iko kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Vena zikilegea kuanzia kifuani hadi miguuni, damu inatuama huko. Waliokulia kwenye mifereji ya Uchagani wanajua: fungueni malango ya mashamba yote kwa wakati mmoja, na mwenye shamba la mwisho atabaki akitazama tope. Moyo ndio shamba la mwisho. Unakamua kile ulicholetewa, na ukiletewa kidogo unatoa kidogo, presha inashuka. Juu ya hayo, mama huyu ana mimba ya miezi tisa. Akilala chali, mji wa mimba unaukandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka miguuni. Ndiyo maana anawekewa kabari au mto chini ya nyonga ya kulia, au kitanda kinalazwa kidogo kuelekea kushoto. Ukiona hawajakuwekea, uliza. Una haki ya kuuliza.

Jambo la pili ni moyo wenyewe. Siku ya kawaida, presha ikishuka, moyo unakimbia ili kufidia. Safari hii amri ya kukimbia inapita kwenye zile pingili nne, na pingili zimelala. Kuna kingine kinachoshangaza zaidi. Moyo unaopata damu kidogo mno unaweza kupunguza mwendo badala ya kuongeza. Seli zinazoanzisha mapigo hupunguza kasi zisipovutwa na damu inayoingia, na ndani ya kuta za moyo mna vihisio ambavyo, moyo ukikamua huku uko karibu mtupu, vinapeleka habari inayoiamsha vagasi. Majina ya Albert von Bezold wa karne ya 19 na Adolf Jarisch wa karne ya 20 bado yanabebwa na mwitikio huo vitabuni. Matokeo yake ni kwamba vagasi, ambayo haikuguswa na ganzi kwa sababu njia yake ni shingoni, inabaki peke yake ikiuvuta moyo chini. Mapigo 90 yanakuwa 60, kisha 45. Kwa mtu aliyekuwa mzima kabisa, anaongea, ametania wauguzi.

Yeye mwenyewe atakwambia kabla ya mashine. Hili wanaosimama upande wa kichwa cha mgonjwa wanalijua vizuri. Mama aliyekuwa anauliza mtoto atatoka saa ngapi ananyamaza. Anapiga miayo. Anasema, "Nasikia kichefuchefu." Jasho jembamba kwenye paji la uso, midomo imepauka. Asiyejua atamletea bakuli la kutapikia. Anayejua mkono wake umeshafika kwenye bomba la sindano lenye dawa ya kupandisha presha, huku mashine ya presha mkononi mwa mama ndiyo kwanza inaanza kujaa upepo. Kichefuchefu dakika tatu baada ya ganzi ya mgongo maana yake, mpaka ithibitike vinginevyo, ni ubongo unaolalamika kwamba damu haitoshi. Na kipo kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu hakihitaji umeme: unamwambia mama akubane vidole. Neva za vidole hutoka mpakani mwa shingo na kifua. Akishindwa kubana, ganzi imeshazipita neva zote za moyo na inaelekea kwenye za kupumua. Akikujibu kwa kunong'ona, hapo hakuna tena muda wa kuuliza maswali.

Na mtoto? Kondo la nyuma halina uwezo wa kujirekebishia mtiririko wa damu. Linachukua kinachotoka kwa mama. Presha ya mama ikianguka, mtoto anapungukiwa hewa papo hapo.

Mwaka 1988 nchini Marekani, Robert Caplan na wenzake walichapisha uchunguzi wa mafaili ya madai ya fidia. Ndani yake walikuta wagonjwa 14 waliokuwa na afya njema, waliopewa ganzi ya mgongo kwa upasuaji wa kawaida, na moyo ukasimama ghafla mezani. Wote 14 mioyo yao ilirudishwa. Sita walifia hospitalini baadaye kwa ubongo kuharibika, na katika wanane waliobaki ni mmoja tu aliyeweza tena kujihudumia mwenyewe. Wachunguzi walipolirudia suala hilo waliona, pamoja na mengine, kwamba adrenalini ilichelewa. Watu walishtuka: wagonjwa hawakuwa wazee, hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Tangu hapo ndipo kila anayefundishwa kazi hii anafundishwa kutodharau mapigo yanayopungua polepole.

Karibu na kwetu, Afrika Kusini huchunguza vifo vya wazazi na kuchapisha matokeo katika ripoti ziitwazo Saving Mothers. Humo, vifo vinavyotokana na ganzi au usingizi vimeonekana tena na tena vikiangukia upasuaji wa uzazi chini ya ganzi ya mgongo, na vingi ni katika hospitali za wilaya. Nisieleweke vibaya. Ganzi ya mgongo kwa mama mjamzito ni salama kuliko kulazwa usingizi, ambako njia ya hewa inaweza kushindikana na matapishi yakaingia mapafuni. Ningekuwa na binti anayekwenda kupasuliwa, ningemwambia achague mgongo. Shida ni kwamba sindano yenyewe ni rahisi kujifunza. Mtu akichoma mara kadhaa anaona amemaliza kazi: dawa imeingia, miguu imelala, mpasuaji aanze. Mahali penye upungufu wa watu, aliyechoma anaitwa kushika mtoto, au kutafuta damu, au kwenda chumba cha pili. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa, kubwa kuliko uhaba wa dawa. Kuchoma ni dakika mbili. Kazi inaanza baada ya kuchoma.

Dawa zenyewe si za ajabu. Dripu inafunguliwa kwa kasi wakati uleule ganzi inapoingia, maana maji yaliyotiwa nusu saa kabla yanakuwa yameshatawanyika mwilini. Presha inapimwa kila dakika mwanzoni. Makubaliano ya wataalamu wa kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2018 yanataka presha ya juu ya mama ibaki angalau asilimia 90 ya ile aliyoingia nayo, na yanaipendelea fenailefrini, inayokaza mishipa, ianze kutolewa kabla presha haijaanguka. Efedrini, ambayo imezoeleka sana katika hospitali zetu, inausukuma na moyo pia, lakini inavuka kondo na kumfikia mtoto kwa wingi zaidi. Mapigo yakiwa yamepungua pamoja na presha, kumpa mama fenailefrini peke yake kunaweza kuyapunguza zaidi. Hapo hutakiwa efedrini, au atropini ya kuizuia vagasi, na hali ikiwa mbaya, adrenalini bila kusitasita.

Kuna watu wawili ambao ganzi hii inawatendea tofauti. Wa kwanza ni mama mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea, presha iko juu, miguu imevimba. Zamani iliaminika akichomwa mgongo presha yake itaporomoka kuliko ya wengine. Robert Dyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima mwenendo wa moyo wa akina mama hao mezani na kuchapisha matokeo mwaka 2008: ulihimili vizuri. Mishipa yao imekazwa na kemikali zinazozunguka kwenye damu, hivyo neva zikinyamaza, presha haianguki kama inavyotazamiwa. Wa pili ni mama ambaye vali ya moyo wake imebana, mara nyingi kwa sababu ya homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni baada ya koo kuuma. Moyo wake unapitisha damu kwenye tundu dogo, hauwezi kuongeza wala hauvumilii kupungukiwa ghafla. Huyu akichomwa dozi ya kawaida kwa mkupuo anaweza kufa. Anahitaji hospitali yenye wataalamu wa moyo, na ganzi inayopandishwa pole pole. Kwa hiyo kama uliwahi kuambiwa una moyo, au kupanda ngazi kunakukosesha pumzi kuliko wenzio wenye mimba ya umri huohuo, sema kliniki, sema wodini, sema tena mezani. Vilevile kama unameza atenololi au propranololi kwa ajili ya presha. Vidonge hivyo vinazizuia neva hizihizi, huko zinakoishia ndani ya moyo.

Nimetaja vidonge, basi niseme na upande wa pili, usije ukadhani kuzinyamazisha neva hizi ni balaa tupu. Iko mioyo inayouawa na simpathetiki. Mwaka 1916 mjini Bucharest, daktari mpasuaji Thoma Ionescu, ambaye vitabu vingi vinamwandika Jonnesco, alimkata mgonjwa wa maumivu ya kifua fundo la neva za simpathetiki upande wa kushoto wa shingo, na maumivu yakaondoka. Wenzake walimpinga kwa hoja ya haki kabisa, kwamba maumivu ndiyo kengele na yeye ameikata waya. Lakini wazo halikufa. Siku hizi kuna hali madaktari wanaiita dhoruba ya umeme: moyo uliojeruhiwa unaingia katika mapigo ya kuua, unashtuliwa kwa umeme, unatulia, unaingia tena, mara nyingi kwa siku moja. Kila mshtuko unaumiza, maumivu na hofu vinaziamsha neva za simpathetiki, nazo zinaurudisha moyo kulekule. Mwaka 2000 Koonlawee Nademanee na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 49 wa namna hiyo, waliotoka kuugua shambulio la moyo. Waliotibiwa kwa dawa zilizokuwa kwenye mwongozo walikuwa 22, na ndani ya wiki moja 18 walifariki. Waliozuiwa simpathetiki, kwa dawa za jamii ya propranololi au kwa kuchomwa ganzi kwenye fundo la shingoni, walikuwa 27, wakafariki sita. Kundi ni dogo na hawakugawanywa kwa kura, lakini tofauti kama hiyo haipuuziki. Na ganzi hiyo ya shingoni ikishika, utaiona usoni: kope la upande huo linashuka, mboni inakuwa ndogo, pua inaziba. Daktari anayeisubiri anafurahi akimwona mgonjwa amesinzia jicho moja.

Ukimya uleule wa neva, basi, unamwokoa yule ambaye moyo wake unapigwa mijeledi, na kumwangusha huyu ambaye mishipa yake imelegea na moyo unatakiwa ukimbie.

Nimalizie na wodini, maana ganzi haiishi mlango wa thieta unapofungwa. Kumhamisha mama kutoka mezani kwenda kwenye machela, kumgeuza, kumketisha, kote huko damu inahama, na moyo uliokuwa umetulia unaweza kuyumba saa moja au zaidi baada ya sindano. Hata vidole vya miguu vikianza kucheza, usidhani kila kitu kimeamka kwa pamoja. Mama mwenye kidonda kibichi, aliyepoteza damu, akiona miguu inasogea anataka ajikaze aende msalani mwenyewe, asimsumbue mtu. Usiende. Mwite muuguzi. Presha ipimwe umelala, kisha uketi ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, kwa dakika kadhaa, uone kama kichwa kinazunguka. Ndipo usimame, umeshikwa mkono, na ndugu aliyekuja kukuuguza asimame upande wa pili, mtoto amlaze kitandani kwanza.